Mlinzi wa Harufu, Hori la Wingwi

"Shoga, hivi Serikali nayo ina pua?"

Hilo aliniuliza jirani yangu Mwanakhamis, mwaka 1938, asubuhi ile mpiga mbiu alipopita Wingwi kutangaza kwamba Kisiwa cha Pemba, kuanzia saa mbili ya siku hiyo, kimekuwa nchi ya mafuta. Nilimjibu kwamba ndiyo, inayo, na imeletwa kwa meli kutoka Ulaya pamoja na nyundo, darubini ndogo na viatu vya kufika magotini. Sikumfanyia dhihaka. Pua yenyewe nilikwisha kuiona kwa macho yangu ikiinama juu ya shimo langu la makumbi kule horini, kwenye mkono wa bahari uingiao kijijini kwetu. Ilivuta pumzi, na mwenyewe akafumba macho kama mtu aliyepata harufu ya biriani ya jirani.

Tangazo lilikuwa hili, wala siongezi neno:

"Raia wote wa Kaskazini mnaarifiwa kwamba Kamati ya Mafuta Yaliyomo Chini imeridhika kwamba chini kumo mafuta. Raia wataendelea kukaa juu, kama kawaida, mpaka watakapoarifiwa vingine. Ni marufuku kuchimba, kufukua, kuwasha moto au kukanyaga kwa kishindo karibu na hori. Harufu itokayo horini ni mali ya Serikali."

"Harufu ya makumbi yetu?" akasema Mwanakhamis. "Nawaichukue yote basi, waende nayo kwao."

Kwa asiyejua, makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Sisi wanawake wa Wingwi huchimba mashimo kwenye tope la hori, tukayafukia humo, tukayagandamiza kwa mawe, tukayaacha miezi sita yaoze yalainike. Kisha huyafukua, tukayaponda kwa mti juu ya gogo, tukayakosha kwa maji ya chumvi, ukabaki usumba wa kusokotea kamba. Ukiyatoa mapema hayapondeki. Ukiyachelewesha mwezi mmoja tu, usumba hukatika mkononi kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Shimo lililokomaa hunuka yai viza, na juu ya maji yake hutanda utando wenye rangi saba. Ni harufu ambayo mwanamume akiipata hukumbuka ana shughuli mjini.

Shimo langu lilikuwa na makumbi ya minazi yote aliyoniachia marehemu mume wangu. Ndiyo ilikuwa kula yangu ya mwaka mzima. Yalikuwa yatimize miezi sita mwisho wa Rajabu. Kamati ilizungusha ua wa miti mwanzo wa Rajabu, ikatia lango, ikatia kufuli. Mashimo kumi na manne ya wanawake kumi na wanne yakabaki ndani.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Bwana Nabhan bin Hamood, mwenye mashamba matatu ya karafuu, mtu wa kilemba kizuri na maneno marefu. Ufunguo wa lango aliuvaa shingoni kwa mkufu wa fedha. Mtaalamu alikuwa yule mwenye pua, Mzungu mmoja mpole ambaye jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Mawe kwa sababu hakuacha jiwe bila kuligonga.

Nilikwenda barazani kwa Bwana Nabhan siku ya pili, baada ya sala ya alasiri.

"Bwana Mwenyekiti," nikamwambia, "lile shimo la kwanza ni langu. Nimefukia makumbi mle. Harufu ni ya makumbi."

"Bi Umkulthum," akasema kwa huruma, "mtu anaweza kufukia makumbi juu ya mafuta. Hilo haliyazuii mafuta kuwa chini."

"Basi niruhusu nifukue makumbi yangu, mafuta niwaachie."

"Ukifukua, mafuta yatapata njia ya kutoroka."

"Yatorokee wapi, bwana?"

"Ndiyo maana tumeunda Kamati," akasema, akaagiza kahawa, na kikombe kimoja tu.

Siku hiyo nilielewa tofauti ya mtu aliyesoma na asiyesoma. Asiyesoma akiambiwa jambo hulisikia.

Ili raia wasibaki gizani, Kamati iliandaa darsa. Pakajengwa kibanda cha makuti, pakatundikwa ubao. Wanaume wakakaa ndani, wanawake tukasimama nje, upande wa hori, ambako upepo ulituletea mali ya Serikali bure. Bwana Mawe akainua kipande cha chaki, kile kile cha kuandikia, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni:

"Hii ndiyo nyumba ya mafuta."

Hakuna aliyecheka, maana Bwana Nabhan alikuwa akitikisa kichwa kama aliyezaliwa ndani yake.

Bwana Mawe akaeleza kwamba huko chini pana mwamba mweupe wa chaki, nao umejengwa na vigamba vya viumbe wadogo kuliko unga, waliokufa baharini kabla ya mtu yeyote kuwapo. Ndani ya mwamba huo mna vijitundu vingi visivyo na idadi, na mafuta hukaa humo. Tatizo ni kwamba vijitundu hivyo havifunguliani milango. Kwa hiyo chaki hujaa mafuta pomoni na isitoe hata tone, mpaka ipasuke nyufa.

Niliifahamu jiolojia mara moja. Nilimtazama Bwana Nabhan pale mbele. Alikuwa na mashamba matatu, na sikuwahi kusikia kwamba amepasuka.

"Na juu ya chaki," akaendelea Bwana Mawe, "lipo tope zito, nusu chokaa, nusu udongo wa mfinyanzi. Halipitishi kitu. Bila hilo, mafuta yangepanda yakapotea."

"Kumbe ni kawa," akasema Mwanakhamis. "Kama ya kufunikia sahani."

"Sawasawa, mama. Ni kawa. Na hapa kwenu kawa imetoboka, mafuta yanavuja. Dalili ni tatu: harufu ya yai viza, rangi za upinde wa mvua juu ya maji, na tabaka jeusi lenye nyuzinyuzi chini ya tope jeupe. Katika miaka yangu yote sijaona mahali penye dalili zote tatu pamoja. Hapa zimo kila baada ya hatua tano."

Sheha wetu, Mzee Shaame, akainua mkono. "Na hayo mafuta yenyewe, bwana, asili yake nini?"

"Ni vitu vilivyokuwa hai. Vikafa, vikafukiwa topeni pasipo hewa, vikaoza polepole kwa muda mrefu."

Wanawake kumi na wanne tukatazamana.

"Muda gani?" nikauliza.

"Mamilioni ya miaka."

"Miezi sita haitoshi?"

Bwana Mawe akacheka kwa upole, akaniandika kwenye daftari lake kuwa mfano wa fikra za wenyeji. Lile tabaka jeusi lenye nyuzinyuzi aliuliza sisi tunaliitaje. Tukamwambia, kwa sauti moja, "Makumbi." Akashukuru sana. Kwenye ramani yake pakaandikwa Tabaka la Makumbi, kina hatua moja na nusu, umri haujulikani.

Mimi siku zote nimeamini kwamba kilichomo ardhini anakijua Mwenyezi Mungu peke yake. Kamati haikulipinga hilo. Ilisema tu kwamba kwa sasa inaendelea na kazi.

Na kazi ilikuwapo. Kikao cha kwanza kilifanyika kandokando ya hori, kikahamia upande wa juu wa upepo. Kikao cha pili upepo uligeuka, kikaahirishwa kwa sababu za kiutawala. Cha tatu kilifanyika Chake Chake. Huko iliamuliwa kwamba harufu ipimwe kila siku na kuandikwa kwenye fomu yenye safu tisa, na kwamba kiwango chake kiwe kimoja kati ya vitatu: hafifu, wastani, au ya kuridhisha. Palihitajika mlinzi wa kukaa ndani ya ua tangu asubuhi hadi magharibi, anuse na kuandika. Aliyepewa kwanza kazi hiyo ni Hija, mvuvi, kijana shupavu aliyekwisha kuvuta papa peke yake. Alidumu mpaka adhuhuri. Wa pili, Mmanga, aliifikisha alasiri, lakini alikuwa na mafua.

Nikaomba mimi. Kusoma na kuandika nilijua, na pua yangu ilikuwa imekwisha kuzowea tangu nina miaka saba. Bwana Nabhan akasema sheria haikumtaja mwanamke. Bwana Mawe akasema haikumkataza pia, na yeye mwenyewe hakuwa tayari kukaa mle. Nikapewa beji ya bati iliyoandikwa MLINZI WA HARUFU NA. 1, nikaibandika juu ya buibui. Asubuhi Bwana Nabhan alinifungulia lango, akanifungia. Magharibi alikuja kunitoa. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuitumikia Serikali. Ya pili haikuwa na safu kwenye fomu.

"Umo ndani na makumbi yako," Mwanakhamis akanisemesha kupitia kwenye ua. "Si uyafukue tu?"

"Nimekula yamini, shoga. Nimeapa sitafukua bila amri."

"Mie ningeapa na mkono mmoja, mkono mwingine nafukua."

"Ndiyo maana hukupewa beji."

Basi nikanusa na kuandika. Jumatatu: ya kuridhisha. Jumanne: ya kuridhisha. Jumatano ilinyesha mvua, hafifu, na Kamati ikaniita kunihoji. Siku moja, nilipomaliza uradi wangu, nikachukua kijiti nikaugusa ule utando wa rangi saba. Kila mwanamke aliyepika mafuta ya nazi anajua kwamba mafuta ukiyatenga kwa kijiko hurudiana papo hapo, kama ndugu waliogombana mbele ya wageni. Utando ule ulivunjika vipande vipande kama ukoko wa maziwa, ukabaki hivyo hivyo. Nikaandika safu ya tisa, penye Mengineyo: "Utando umeguswa kwa kijiti, umevunjika, haukurudiana. Si mafuta." Fomu ikarudi na muhuri: IMEONEKANA. Nikaandika tena kesho yake. IMEONEKANA. Niliandika hivyo mara kumi na moja, na kila mara ilionekana.

Rajabu ikaisha. Makumbi yakatimia. Shaaban ikaingia, nami nakaa juu ya riziki yangu inaiva kupita kiasi, nikiandika kwamba inaridhisha.

Ndipo ikaja habari kwamba Jumamosi ya pili ya Shaaban, maji yakitoka, Bwana Mkubwa wa Serikali atafika kutoka Unguja kutia sahihi hati. Hati ikishatiwa sahihi, hori zima litakuwa eneo la mafuta kwa miaka tisini na tisa, na hakuna mwanamke atakayefukia wala kufukua chochote humo. Mwanakhamis alihesabu kwa vidole umri atakaokuwa nao hori likifunguliwa, akaacha njiani.

"Umkulthum," akaniambia, na siku hiyo hakuniita shoga, "akitia sahihi, tumekufa njaa."

"Najua."

"Basi sema."

"Nimesema mara kumi na moja. Imeonekana."

Jumamosi ikafika. Mapipa arubaini matupu yalikuwa yamekwisha kuletwa kwa ajili ya mafuta, wageni wakakalishwa juu yake. Mezani paliwekwa bendera, wino, na chupa tupu yenye karatasi iliyoandikwa: MAFUTA YA WINGWI, CHUPA YA KWANZA. Ilikuwa ipelekwe Ulaya. Bwana Nabhan alivaa joho jeusi la kutariziwa na jambia la fedha. Bwana Mkubwa alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka na asiyependa kupoteza dakika, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko tulivyotarajia. Alikunja pua mara moja alipofika, akaikunjua, akavumilia.

Bwana Nabhan akafungua lango kwa mkono wake, akasoma hati mwenyewe kwa sauti. Vifungu vilikuwa kumi na viwili. Cha saba alikisoma taratibu, maana alikitunga yeye na alikipenda:

"Chochote kitakachotolewa mashimoni kitakuwa katika dhamana ya Mwenyekiti peke yake, naye ataanza kukitengeneza siku hiyo hiyo, kwa mkono wake, mpaka kiwe bidhaa kamili, wala hatakigusa mtu mwingine."

Akatia sahihi yake kwanza, kubwa, ikashuka mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Akampa Bwana Mkubwa kalamu.

"Kwanza nionyeshe mafuta," akasema Bwana Mkubwa.

Watu walitazamana kuona nani atakayetia mkono mle.

"Mlinzi!" akaita Bwana Nabhan. "Jaza chupa."

Nikachutama, nikasema Bismillahi, nikaizamisha chupa shimoni, nikaileta. Bwana Mkubwa akaiinua juani, akainusa, akaiweka mbali kidogo na bendera.

"Haya ni maji."

"Ni mafuta machanga, Bwana Mkubwa," akasema Bwana Nabhan. "Yaliyokomaa yako chini zaidi."

"Basi yatolewe ya chini zaidi."

Bwana Nabhan akanigeukia, jasho limeanza kumtoka chini ya kilemba. "Mlinzi, toa yaliyo chini."

"Hiyo ni amri ya kufukua, Bwana Mwenyekiti?"

"Fukua, fukua!"

"Raia wa Wingwi," nikasema, "mmesikia."

"Tumesikia!" wakaitikia wanawake kumi na watatu nje ya ua.

Nikakunja buibui langu mpaka kwenye viwiko, nikaondoa mawe, nikatia mikono yote miwili. Makumbi yalikuwa yamelainika vizuri. Wiki mbili zaidi yangeharibika. Nikaanza kuyatoa, meusi, yanachuruzika, nikayapanga juu ya meza moja baada ya jingine. Bendera ikabaki safi upande mmoja tu. Bwana Mkubwa hakusogea, lakini watu wa mapipa ya mbele walihamia mapipa ya nyuma.

"Hiki nini?" akauliza.

"Tabaka la Makumbi, Bwana Mkubwa," nikasema. "Kina hatua moja na nusu. Limo kwenye ramani."

"Umri wake?"

"Miezi sita na siku kumi na mbili."

Bwana Mawe alikuwa amesimama nyuma ya meza, amepauka kama mwamba wake. Akaja taratibu, akachukua kijiti, akachutama penye shimo la jirani, akaugusa utando. Ukavunjika vipande vipande. Akangoja. Haukurudiana. Akautazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyotaka, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza wapi alikanyagia mwiba:

"Hakuna aliyejua?"

"Safu ya tisa," nikasema. "Mara kumi na moja."

Karani akatafuta kwenye jalada. Bwana Mkubwa akazisoma fomu zote kumi na moja, moja moja, bila haraka, na muhuri kwa muhuri. Alipomaliza akaifunika kalamu yake, akaitia mfukoni. Sahihi yake haikuigusa karatasi ile hata kwa nukta.

Mtu mwingine angekunja mkeka wake hapo akaenda zake. Bwana Nabhan akaona heri aseme neno la kufungia.

"Bwana Mkubwa, kosa ni la utaalamu. Mimi nilikuwa naongoza tu. Makumbi haya na yatupwe, na ua ubaki kwa uchunguzi zaidi."

Bwana Mkubwa akaivuta ile hati karibu.

"Hii ni sahihi ya nani?"

"Yangu, Bwana Mkubwa."

"Na kifungu cha saba kaandika nani?"

"Mimi, Bwana Mkubwa."

"Wewe umekwisha kujifunga, mimi bado. Hapa pameandikwa *chochote kitakachotolewa*. Hapakuandikwa mafuta." Akasoma kwa kidole. "*Siku hiyo hiyo. Kwa mkono wake. Mpaka kiwe bidhaa kamili.*" Akanigeukia. "Bidhaa yake ni nini?"

"Kamba, Bwana Mkubwa. Huanza kwa kupondwa."

"Mashimo mangapi?"

"Kumi na manne."

"Basi afadhali aanze mapema," akasema. Wala hakutabasamu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha, na watumishi wake hawajui pia. Akakaa juu ya pipa, akatoa saa yake, akaanza kungoja, kama anavyongoja mtu aliyezowea kuona maandishi yanatimizwa.

Mimi nilikuwa bado na beji yangu, na amana yangu. Nikaliviringisha gogo la kupondea mpaka mbele ya Bwana Nabhan. Nikachagua kumbi zuri, laini, lisilomsumbua mwanafunzi, nikaliweka juu ya gogo. Nikaufuta mti wa kupondea kwa upindo wa kanga, nikaushika kwa mikono miwili, nikamnyoshea, kama anavyopewa mtu mwenye heshima zake.

"Karibu, Bwana Mwenyekiti. Maji yanaanza kujaa."

Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia langoni. Hakuna aliyewaita na hakuna aliyewazuia. Walikaa kitako kwenye tope, wamezunguka, kama watu waliokuja darsani.

"Vua joho, bwana," akasema Mwanakhamis kwa upole. "Litarukiwa."

"Na jambia uliweke pembeni," akasema mwingine. "Ukiinama litakuchoma."

"Usipige katikati. Anzia ncha."

"Mwacheni. Ana mkono mzuri, tumeuona kwenye sahihi."

Bwana Nabhan akautazama mti. Akalitazama kumbi. Akamtazama Bwana Mkubwa, naye alikuwa anatazama saa. Nikaona mkono wake umeinuka kidogo, nikadhani kweli anaupokea, na Mungu shahidi yangu nilikuwa tayari kumfundisha. Mkono ukapita, ukaenda shingoni. Akauvua ule mkufu wa fedha pamoja na ufunguo wa lango, akauweka juu ya gogo, kando ya kumbi. Akalikusanya joho lake kwa mikono miwili lisiburure, akatoka, akashika njia ya juu kuelekea Konde, lango akaliacha wazi.